Nilidhani Mungu Haongei Kishambaa

Wiki iliyopita nilifungua kopo la iliki. Ni kopo la kawaida tu, la maziwa ya unga, ambalo Mama Mkubwa huliweka juu ya kabati la vyombo hapa Manundu ninapokaa kwa ajili ya shule. Nilitaka kutia punje chache kwenye chai, basi. Nikabandua kifuniko, harufu ikanipanda puani, na jiko zima likaondoka mbele yangu, pamoja na joto la Korogwe na kelele za bodaboda. Nikawa Vugiri, nimechuchumaa uani kwa Bibi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mlango wa banda la mbuzi, na mbele yangu pametandikwa jamvi la iliki mbichi zinazongoja jua lisilotaka kutoka.

Chai ilichemka ikamwagika. Mama Mkubwa akasema kutoka sebuleni, "We mtoto, unapika chai au unazima jiko?" Nilikuwa mbali.

Naandika haya kwa wenzangu wa rika langu, hasa wale wanaokaa nyuma kwenye kipindi cha dini, ambao wengine wakisimama na kusema "Mungu aliniambia," wao huangalia vidole vya miguu. Mimi ni mmoja wao. Darasani hata nikijua jibu naomba mwalimu asinione. Na kwa sehemu kubwa ya utoto wangu niliamini kabisa kwamba Mungu hajawahi kuniambia kitu. Sababu nayo nilidhani naijua. Ilikuwa lugha.

Nieleze. Kwa Bibi tuliongea Kishambaa. Asubuhi tuliamkiana onga makeo, tukachuma iliki kwa Kishambaa, tukala kwa Kishambaa, na mbuzi wa Bibi, aliyekuwa na tabia ya kutafuna kamba yake, alitukanwa kwa Kishambaa. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha redio, cha wageni wenye gari, na cha kanisani. Mwinjilisti wetu wiki nzima alikuwa jirani anayeongea kama sisi, lakini Jumapili akishavaa kanzu yake nyeupe aligeuka mtu mwingine, akatoa Kiswahili kirefu chenye "naam" na "enyi" nyingi. Hata Bibi. Anaweza kuwa ameshika sikio la mbuzi akimwambia maneno mazito, kisha chakula kikafika, akainamisha kichwa, sauti ikalainika kama si yake: "Ee Bwana, tunakushukuru." Akisema amina, anarudi kwenye Kishambaa na kuuliza nani kaacha mlango wa kuku wazi.

Sasa mtoto ningefikiri nini? Nilifikiri Mungu ni kama mkuu wa wilaya. Anatupenda, milima yetu anaijua, ila akija kuongea na watu huongea Kiswahili, kwa sauti nzito, na pengine akiwa amesimama. Kwa hiyo lolote lililopita kichwani mwangu kwa Kishambaa nilihesabu kuwa ni langu mwenyewe, au la Bibi, au la njaa.

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Baba simkumbuki, alifariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama alipopangiwa kazi Mazingara, huko Handeni kwenye tambarare, alikuta hakuna nyumba ya mwalimu. Akapata chumba kwa watu, na mimi akaniacha kwa Bibi "kwa muda." Siku anaondoka, majirani walijaa uani kumuaga. Nadhani wote walikuwa wakingoja nilie, maana ndivyo watoto wanavyofanya. Sikulia. Nilimpa Mama mkono kama mtu mzima, nikamwambia safari njema. Watu wakasema, "Muone mtoto alivyo na moyo." Mmoja akasema huyu atakuwa nesi. Sifa ile niliivaa kama gauni la sikukuu. Mama aliniangalia, halafu akaangalia pembeni, akajitwisha begi na kushika njia ya kuteremka.

Kilichofuata hakuna aliyekiona. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaingia kwenye shamba la iliki, kule ambako majani yanampita mtu urefu na chini yake kuna giza la kijani. Nikakaa kwenye udongo mbichi, nikalia mpaka kwikwi ikanishika. Nilikuwa nafinya punje za iliki mkononi, moja baada ya nyingine, bila kujua ninafanya nini. Nilipochoka nikanawa uso kwenye mfereji, nikarudi uani nikiwa yule yule mtoto mwenye moyo. Tangu siku hiyo harufu ya iliki na kilio changu vimekaa chumba kimoja.

Nilikuwa darasa la nne Mama alipopiga simu yenye habari. Simu ya Bibi haikusikika vizuri mpaka uiweke spika, kwa hiyo siri za nyumba yetu zilikuwa za bonde zima.

"Mama, nimepata nyumba ya mwalimu," alisema. "Ina vyumba viwili na jiko la nje. Sasa namtaka mwanangu."

"Ni wako," Bibi akasema. "Lakini si gunia la viazi. Muulize mwenyewe."

"Nimuulize nini? Yule ameshakuwa wa kwako. Siku ninaondoka hata chozi sikuliona. Nikimchukua kwa nguvu atanichukia."

"Na akibaki?"

Nikasikia jogoo wa Mazingara akiwika ndani ya simu. "Akibaki," Mama akasema polepole, "nitajua nilikuzalia wewe."

Bibi akaisogeza simu karibu na mdomo. Kisha akasema, "Tungoje sikukuu ya mavuno. Utapanda huku, tutakuwa wote, mtoto ataamua mbele yetu. Na kabla ya kuamua, amuulize Mungu."

Alipokata simu akanigeukia. Nilikuwa najifanya nachambua maharage.

"Umesikia, mke mwenzangu?" Bibi huniita hivyo, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Sijasikia, Bibi."

"Vizuri. Basi hicho ambacho hujasikia, kiombee."

Nikakiombea. Kwa Kiswahili, nikiwa nimesimama, kwa heshima zote. Nikisema naenda, Bibi atabaki peke yake na mbuzi. Nikisema nabaki, Mama atajua alizaa mtoto asiyemtaka. Nilitaka Mungu aseme yeye, waziwazi, ili lawama ikija iende juu. Niliwaza hata namna nitakavyowatangazia: Bwana amesema. Halafu nikimbie nikacheze.

Hakusema. Au ndivyo nilivyodhani. Kwa maana jioni ile ile ya simu, nikiwa nakusanya iliki kabla umande haujashuka, kitu fulani ndani yangu kilisema taratibu, kwa Kishambaa: mwambie ulilia. Haikuwa sauti ya masikioni. Ni kama mtu aliyekaa karibu nawe akikusogezea kikombe bila kusema neno. Nikakisukuma kando. Kwanza kilikuwa Kishambaa. Pili hakikuwa jibu la swali. Nimeuliza niende au nibaki, nani kauliza habari za kulia? Na tatu, niseme tu ukweli, sikutaka. Nikishasema nililia, wapi tena yule mtoto mwenye moyo?

Kesho yake kikarudi, nikiwa nateka maji. Siku nyingine kikarudi nikiwa nasuka ukili pembeni ya Bibi. Hakikuongeza neno wala hakikupandisha sauti. Mwambie ulilia. Mimi nikaendelea kumngoja mkuu wa wilaya.

Jumamosi moja kabla ya sikukuu niliamua kumfuata kwake. Kanisa letu liko juu ya kilima, na wakati huo walikuwa wameweka nguzo nje, yenye spika kubwa ya mdomo wazi kama ua la boga, ili watu wa ng'ambo ya bonde nao wasikie. Nilifika kumetulia, ukungu umezunguka kila kitu, ukuta wa kanisa wenyewe unauona nusu. Nikasimama chini ya nguzo, nikafumba macho, nikasema kwa Kiswahili changu kizuri kuliko vyote, "Ee Bwana, niende au nibaki?"

Juu yangu kitu kikakwaruza. Halafu sauti nzito, ya kiume, ikasema, "Subiri."

Nikafumbua macho.

"Subiri kidogo," sauti ikasema. "Sogea kulia."

Nikasogea kulia.

"Zaidi. Rudi. Hapo hapo. Usitikisike."

Sikutikisika. Inzi alitua puani kwangu nikamwacha.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Bwana," nikajibu, na meno yanagongana kwa baridi na kwa furaha.

"Haya, shika nyekundu."

Nilitazama huku na huku. Kitu chekundu pekee pale kilikuwa sweta langu. Nikalishika kwa mikono miwili.

"Nyeusi usiguse, itakurusha."

Sketi yangu ya shule ilikuwa ya rangi ya giza, nikaweka mikono mbali nayo. Nikangoja neno lenyewe sasa, la kwenda au kubaki. Spika ikakwaruza tena, sauti ikasema kwa hasira, "We Hamisi. Hamisi! Umelala huko juu?"

Hapo ndipo niliposhtuka. Mungu, nilijua, hawezi kunichanganya na Hamisi. Nikazunguka kanisa taratibu. Nyuma, kwenye mlango mdogo, nikamkuta fundi wa vipaza sauti aliyetoka Korogwe mjini, kipaza sauti mkononi na rundo la nyaya miguuni, na juu ya bati mwenzake amelala chali anachezea simu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Spika inasikika vizuri huko mbele?"

"Inasikika," nikasema. "Inasikika sana."

Nilimsimulia Bibi nikiwa karibu kulia kwa aibu. Aliposikia habari ya sweta akaweka mchi chini, akashika ukuta, akacheka mpaka mbuzi akaacha kula kumwangalia. "Na ungegusa nyeusi je," akasema huku anafuta macho, akacheka upya.

Nikakasirika. "Sasa wewe Bibi unamjuaje akiongea?"

Alifikiri kidogo, bado anapangusa machozi ya kicheko. "Unakumbuka ule mzigo wa miwa?"

Nani asingeukumbuka. Kanisani kwetu sikukuu ya mavuno kila mtu huleta alichovuna au alichofuga: ndizi, tangawizi, mayai, kuku, miwa. Ibada ikiisha vitu hupigwa mnada pale nje, na hela huingia kanisani. Ukinunua kitu unaweza kuondoka nacho, au ukampa mwingine, na watu wakakupigia makofi. Mwaka mmoja Bibi alishindana na jirani yetu Mama Eliza kwa mzigo wa miwa mpaka watu wakapanda kwenye benchi kuangalia. Bibi alishinda. Alirudi nyumbani anasema Mungu ndiye aliyemsukuma. Miwa ilitufuata wiki nzima, na yeye mwenyewe hana meno ya kutafuna.

"Sauti iliyoniambia ongeza," Bibi akasema, "ilikuwa na haraka. Tena muda wote ilikuwa inamtazama Mama Eliza. Ile haikuwa ya Mungu, ilikuwa mimi na ubishi wangu. Yake haimwangalii mtu kwa jicho baya. Haikimbii. Inakwambia kitu kile kile, ukikataa haikutukani, kesho inakuja tena."

"Na inasema mambo gani?"

"Mambo ambayo mimi mara ya kwanza siyapendi," akasema, akaokota mchi wake. "Ndiyo ninavyoijua. Mimi ya kwangu naipenda papo hapo."

Nilikaa na maneno hayo lakini sikuyatumia. Bado nilikuwa na lile jambo langu la lugha, na hilo sikumwambia mtu.

Mama alifika Jumamosi ya sikukuu, jua linapungua, vumbi la tambarare bado liko kwenye viatu. Alileta unga wa muhogo na mbaazi. Nilimpokea begi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekua."

"Ndiyo, Mama."

"Shule inaendaje?"

"Vizuri, Mama."

Bibi alituangalia mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeangalia wageni wawili waliokutana kituoni. Mama alitaka kunishika kichwa, mkono ukafika katikati ukarudi. Mwambie ulilia, kile kitu kikasema. Nikaenda kuchochea moto.

Jumapili kanisa lilinuka kama shamba. Mbele kulijaa mikungu, vikapu vya tangawizi, iliki kwenye visufuria, na kuku waliofungwa miguu ambao waliitikia sala kabla yetu. Mmoja alikuwa wa kwangu, tetea mweusi niliyemlea mwenyewe tangu kifaranga, maana Bibi alisema sadaka ya mtu ni kitu chake, si kitu cha bibi yake. Ibada ilipoisha tukatoka nje. Ukungu ulikuwa umeinuka, unaona bonde lote mpaka mashamba ya chai ya upande wa pili. Mzee Shemhilu, mzee wa kanisa, akashika kipaza sauti. Siku nyingine zote huyu ni mtu wa maneno machache, lakini mnadani alikuwa redio.

"Tetea mweusi huyu," akamwinua. "Amelelewa na mtoto mwenye adabu kuliko nyie wote. Nani anaanza?"

"Mimi," Mama akasema, akataja bei.

"Mwalimu wa Mazingara ameanza. Kwani huko kwenu kuku wamekwisha, mwalimu?"

Watu wakacheka. Halafu nyuma yangu Bibi akasema, "Mimi naongeza."

"Eh! Mama yake mwalimu. Mambo yameanza."

Mama akaongeza. Bibi akaongeza. Vijana wakapiga miluzi. Mama Eliza akapanda kwenye benchi aone vizuri.

"Mama," Mama akasema akiwa bado anatabasamu, "si kuku wa nyumbani kwako huyo? Unamnunua wa nini?"

"Nimemzoea," Bibi akasema.

"Na mimi nataka nimzoee."

"Atakusumbua. Hajui joto."

"Atajifunza. Nimemngoja muda mrefu."

Kicheko kikapungua, kikaisha. Mama Eliza aliyekuwa juu ya benchi akasema kwa sauti ya chini, "Hawa hawagombei kuku," na akashuka. Hata Mzee Shemhilu alishusha tetea kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, naangalia uso huu na uso ule, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba wote wawili wanaogopa. Na mwenye kuwatoa hofu ni mimi, si kwa kusema naenda au nabaki.

Mwambie ulilia.

Ilikuja vile vile, kwa Kishambaa, bila haraka. Haikumwangalia Bibi vibaya wala Mama vibaya. Moyo ulikuwa unanidunda, lakini yenyewe haikudunda. Nikafikiri, kama hii ingekuwa yangu ingeshachoka.

Nikaenda. Nilitaka kumnong'oneza Mama sikioni tu, lakini ili kumfikia ilibidi nipite mbele ya Mzee Shemhilu, naye alikuwa na ukarimu wa kupita kiasi. "Tulieni," akasema. "Mwenye kuku ana neno." Akainama na kuniwekea kipaza sauti mdomoni.

Sijui nilifanyaje. Mimi ambaye darasani sisemi. Nikasema kwa Kishambaa, hapa nakiandika kwa Kiswahili tu: "Mama, nililia. Siku ile ulipoondoka nililia, kule kwenye iliki. Nililia sana. Sikutaka waone."

Spika ilichukua maneno hayo ikayarusha bonde zima, na mlima wa upande wa pili ukayarudisha. Nikainua macho. Kwenye mdomo ule ule niliosimama chini yake Jumamosi ile nimeshika sweta, nikingoja Mungu aongee, ilitoka sauti nyembamba ya mtoto, kwa Kishambaa, ikisema kile nilichoambiwa siku zote zile. Nikaelewa. Nilikuwa nimejibiwa tangu jioni ya kwanza, kwa lugha ya jikoni kwetu.

Mama alikaa chini, pale pale kwenye majani, na gauni lake la kanisani. "Na mimi," akasema, naye kwa Kishambaa, ingawa ualimu ulikuwa umeshamzoesha Kiswahili. "Nilipofika pale kona ya chini, ambapo nyumba haionekani tena, nilikaa kwenye jiwe. Watu walinipita wakidhani naumwa." Akanivuta. Safari hii mkono haukuishia katikati. Alinuka vumbi na sabuni, na mimi nililia mbele ya usharika mzima, kwa kelele, na ilikuwa raha ambayo sijui niifananishe na nini.

Mzee Shemhilu alisahau kuzima kipaza sauti, kwa hiyo bonde zima likasikia anapenga kamasi. Kisha akauliza, sauti imekwaruza, "Sasa jamani, kuku ni wa nani?"

"Mpe mama yake," Bibi akasema.

Hakuna aliyeuliza mama wa nani. Makofi yakalia. Mama akampokea tetea, akamshika kidogo, halafu akatembea mpaka kwa Bibi na kumweka mikononi mwake. "Huyu abaki na wewe," akasema. "Likizo zote tutakuja kumwangalia, mimi na mwanangu."

Njiani kurudi nyumbani nilitembea katikati yao. Nikasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba nataka kwenda na Mama, na kwamba nataka likizo zote kwa Bibi, na ajabu ni kwamba maneno yale hayakumuumiza mtu. Yalikuwa mepesi kabisa.

"Mimi nilijua," Bibi akasema. "Nilikuwa naongeza bei kuchangia kanisa tu."

"Bibi. Alikuwa Mungu anakusukuma?"

Akatembea kidogo na kuku wake kwapani. "Ya kwanza alikuwa yeye," akasema. "Zile nyingine zilikuwa zangu."

Mazingara ni tambarare. Ukiita, sauti inaenda haikurudii. Wiki ya kwanza nilihofu kwamba na ile nyingine nimeiacha mlimani. Majirani zetu walikuwa Wazigua, Waislamu, wakulima wa mahindi na muhogo. Bi Mwanahawa wa nyumba ya pili aliniita Msambaa wa baridi na kunifundisha kusonga bada, ugali wa muhogo, mpaka mikono ikaota malengelenge. Siku moja nikiwa nimejilaza, joto limeniweza, nikasikia ndani yangu, kwa Kishambaa kile kile: nenda kamtwishe Bi Mwanahawa maji. Sikupenda hata kidogo. Ndipo nikaijua. Nikainuka nacheka peke yangu, na Bi Mwanahawa akaniuliza huyu mtoto jua limempata kichwani nini.

Imehama nami hivyo. Siku hizi mara nyingine huja kwa Kiswahili, na kwa Kizigua imewahi kuja pia, baada ya mimi kukijua. Siipatii kila mara. Mwaka jana nilikuwa na hakika naambiwa nisihudhurie jaribio la hesabu, lakini ile niliipenda papo hapo, kwa hiyo nikajua ni ya nani, nikaenda nikafanya. Na wenzangu wakisimama kwenye kipindi cha dini na kusema aliwaambia hivi na hivi, siwaonei wivu tena. Naangalia vidole vyangu kwa amani.

Siku ile ya wiki iliyopita, nilipopangusa chai iliyomwagika, kopo bado liko wazi mkononi, kile kitu kilisema: mpigie Bibi. Nilikuwa na kazi ya shule rundo zima. Nikampigia.

"Nani kakwambia unipigie?" akauliza baada ya salamu. "Tangu asubuhi nakuwaza, na simu yangu haina salio."

"Nimefungua kopo la iliki."

"Iliki haisemi, mke mwenzangu."

"Najua, Bibi."

Nyuma yake nilisikia vitukuu wa tetea wangu mweusi wakigombea kitu. Habari ya mkuu wa wilaya nilishamweleza zamani, na siku hiyo alishika ukuta tena.

"Ni kwa Kishambaa?" akauliza.

"Kwa Kishambaa."

"Basi ni yeye. Ngoja, huyu mbuzi amekata kamba."

Hakukata simu. Nikakaa jikoni, kopo la iliki mapajani, nikisikiliza mbuzi anavyoambiwa.